Pete Imegoma: Kutafuta Kosa Kwenye Meza ya Sonara wa Nyumbani

Mtu akiniletea pete iliyomshinda simuulizi amefanya nini, maana atanieleza hatua ya mwisho tu, ile iliyomuudhi. Namuuliza mara ya mwisho pete ilikuwa salama ni lini. Kabla ya kuitia moto? Kabla ya kuitumbukiza kwenye asidi ya kusafishia? Kabla ya kulibana jiwe? Usonara una tabia hiyo: kosa hufanyika mahali pamoja, likajitokeza pengine. Mkwaruzo unaouona wakati wa kung'arisha uliachwa na msasa wa kwanza. Lehemu, ile metali ya kuunganishia, iliyokataa kutiririka ilikataa tangu ulipoachia ile nafasi ndogo kati ya ncha mbili ukasema itajaa tu.

Haijai.

Mimi si sonara wa duka. Nafanya kazi hii jioni na Jumapili kwenye kibaraza cha nyuma hapa Arusha, nikiwa na tochi ndogo ya gesi, kipande cha mkaa, msumeno wa sonara, tupa tatu na mashine ya kusagia mawe niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nitakayoyaeleza ni ya fedha na ya mawe ya huku kwetu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoniharibikia mara nyingi.

Lehemu imejikunja kuwa kitone

Umepasha moto, boraksi (ule unga unaosaidia lehemu itiririke) imeyeyuka ikawa kama kioo, lakini kipande cha lehemu kimejiviringisha na kukaa palepale kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Usiongeze lehemu. Wengi huongeza, na matokeo yake ni vitone viwili.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote: moto umeipata lehemu, haujaipata fedha iliyo chini yake. Lehemu haitakiwi kuyeyushwa na ulimi wa moto. Inatakiwa iyeyushwe na joto la fedha inayoilalia. Zungusha moto pete nzima, anzia upande ulio mbali na kiungo, na ukaribie kiungo mwishoni, fedha yote ikiwa imeanza kuona wekundu hafifu. Wekundu huo huwezi kuuona juani. Nimeshapoteza pete mbili kwa kufanya kazi saa saba mchana: machoni fedha ilikuwa bado nyeupe, kumbe imefika ukingoni. Teremsha pazia, au subiri magharibi.

Na ukingo wenyewe si mpana. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 zilizobaki ambazo kwa kawaida ni shaba, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 802 hivi za Selsiasi na huwa maji kabisa kwenye 893 hivi. Lehemu laini hutiririka kwenye 710 au zaidi kidogo, ya kati karibu na 740, ngumu karibu na 770, zikipishana kulingana na aliyeitengeneza. Ukitumia lehemu ngumu, kati ya kazi nzuri na donge una nyuzi thelathini tu.

Kama wekundu umeenea sawasawa na lehemu bado imegoma, rudi nyuma zaidi. Boraksi ilipotandazwa, ililala au ilikusanyika matone matone? Ikiwa ilikusanyika, kulikuwa na mafuta ya vidole. Je, umepiga moto dakika nyingi? Boraksi huchoka, na zinki iliyomo kwenye lehemu huondoka kidogo kidogo. Zinki hiyo ndiyo inayoifanya lehemu iyeyuke mapema, kwa hiyo kadiri unavyoibembeleza kwa moto ndivyo inavyozidi kuwa sugu. Zima. Tia kwenye asidi, osha, kwangua, weka boraksi mpya na lehemu mpya. Hilo huchukua robo saa, wakati ubishi huchukua jioni nzima.

Mwisho angalia kiungo chenyewe dhidi ya dirisha. Mwanga ukipenya, bado hicho si kiungo. Zikutanishe ncha kwa nguvu, kisha pitisha uzi wa msumeno katikati yake mara moja: uzi utazila ncha zote mbili kwa kipimo kimoja, na ukizibana tena zitalala zimegusana.

Lehemu imetiririka, lakini imekimbilia upande mmoja

Lehemu hufuata joto. Ikiwa unaunganisha nyumba ya jiwe, yaani ule ukanda mwembamba wa fedha unaolizunguka jiwe, juu ya bamba nene, ukanda utapata moto kwa sekunde chache huku bamba likiwa bado linajikokota. Lehemu yote itapanda ukutani na chini kubaki pakavu. Sekunde mbili zaidi na ukuta wenyewe unayeyuka. Pigia moto kutoka chini: weka bamba juu ya wavu wa waya, tochi iwe chini yake, na ukanda uachwe upashwe na bamba. Ukiweza, tengeneza ukanda kwa fedha tupu isiyo na shaba. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 961, na ni laini zaidi wakati wa kulibana jiwe.

Bangili ya bibi imetoboka nilipoitia moto

Hii nataka kuieleza kwa kirefu kwa sababu huja bila onyo, na kinachoharibika huwa ni kitu kisichoweza kununuliwa tena.

Watu wengi wana bangili au vikuku vya zamani vilivyovunjika, na wakijua unashika tochi watakuletea. Unakipasha kama kawaida, na kabla hata hakijawa chekundu unaona uso wa fedha ukilowa, ukizama, kisha vishimo vinatokea kama vya mchwa. Kosa halikufanywa na wewe, bali na aliyekirekebisha zamani kwa risasi, ile ya kuunganishia waya za redio. Risasi iliyochanganyika na bati, ikipashwa juu ya fedha hadi joto la lehemu ya fedha, huila fedha. Hakuna namna ya kuizuia ikishaanza. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto juu ya kitu chochote cha zamani, kikague kwa kioo cha kukuzia. Ukiona sehemu ya kijivu iliyofifia, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ncha ya kisu, hiyo ni risasi. Ikwangue yote kwa kisu na tupa mpaka ufike kwenye fedha safi. Ukishindwa kuifikia yote, mrudishie mwenyewe, au ukarabati bila moto.

Kuna mtego wa pili. Vyombo vingi vya zamani vya pwani na vya Oman vilifuliwa kwa sarafu, hasa ile ya Austria ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 usoni, mwaka ambao uliendelea kugongwa hata kwenye sarafu zilizotengenezwa baadaye sana. Fedha yake ni sehemu 833 kwa 1,000. Shaba ikiwa nyingi kiasi hicho, mchanganyiko huanza kuyeyuka mapema, kwenye nyuzi 779 hivi. Rudi ukaangalie namba ya lehemu ngumu hapo juu, utaelewa kwa nini bangili ilijikunja wakati pete yako ya 925 ilivumilia. Kwa vitu vya namna hii mimi hutumia lehemu laini tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

(Na ukiipata sarafu yenyewe ikiwa nzima, usiiyeyushe. Fedha ya kununua ipo.)

Doa la wingu lisilotoka kwa kung'arisha

Pete inang'aa, lakini ukiigeuza mwangani unaona kivuli cha zambarau iliyochanganyika na kijivu, kama wingu la mvua, na kila ukisugua linahama badala ya kutoka. Huo si uchafu. Ulipopasha moto bila kuifunika fedha, hewa iliingia ndani kidogo na kuishika shaba iliyomo. Doa liko chini ya uso, ndiyo maana kitambaa hakilifikii.

Njia za kulitoa ni mbili na zote hazifurahishi. Ya kwanza ni kusugua kwa msasa wa 400 kisha 600 mpaka uipite tabaka hiyo, ukikubali kupoteza nakshi. Ya pili ni kulificha: pasha pete hadi ifubae, tia kwenye asidi, osha, rudia mara nne au tano. Kila mara asidi huondoa shaba ya juu, na mwisho uso wote unabaki fedha tupu, nyeupe kama maziwa. Ipapase kwa brashi laini ya shaba ya njano na sabuni. Ukiing'arisha kwa nguvu, wingu litarudi.

Kinga ni rahisi kuliko dawa zote mbili. Koroga unga wa asidi ya boriki kwenye spiriti, chovya pete, iwashe spiriti iungue, na pete itabaki na vazi jeupe la kuilinda. Lakini kabla ya kuwasha chochote, kopo la spiriti lifunikwe na lihamishwe mbali na meza. Moto wa spiriti hauonekani mchana.

Fedha imetoka kwenye asidi ikiwa na rangi ya waridi

Umetumbukiza chuma. Huenda ni kibano, huenda ni waya uliofungia kiungo ukasahau kuufungua. Asidi iliyokwishatumika ina shaba iliyoyeyuka ndani yake. Chuma kikigusana na fedha humo, shaba huhamia juu ya fedha. Asidi haijaharibika, toa tu chuma, na siku nyingine tumia kibano cha shaba au cha mbao. Kuiondoa ile rangi: tengeneza asidi mpya kidogo, ongeza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, acha pete humo mpaka iwe nyeupe. Fanya nje, penye upepo.

Wanaoanza huniuliza asidi gani. Mimi hutumia asidi ya limau ya unga, inayouzwa kwa watengeneza juisi, kwenye maji ya moto. Shabu pia inafanya kazi, ile ya vinyozi, ila polepole zaidi. Kosa la huku kwetu ni chombo: karibu kila sufuria nyumbani ni ya aluminiamu, nayo inaliwa na asidi na kuleta rangi ya waridi kama chuma kinavyofanya. Tafuta bakuli la kioo linalostahimili moto, au chungu. Na kisirudi jikoni.

Waya unakatika ukiukunja

Umechoka, yaani waya, si wewe. Fedha ikigongwa na kukunjwa hukakamaa. Ipashe hadi wekundu hafifu, wekundu ukiondoka itumbukize majini, na endelea. Usisubiri ipasuke ndipo ukumbuke. Ukisikia nyundo imeanza kulia juu zaidi, muda umefika.

Jiwe limeng'aa, lakini likikauka lina mikwaruzo

Maji ni mwongo mkubwa. Jiwe lililolowa hujaza mikwaruzo na kukuonyesha mng'ao usiokuwepo. Likaushe kwa kitambaa kila unapobadilisha gurudumu, liangalie kwa kioo chini ya taa, na usisogee hadi alama za gurudumu lililopita ziishe zote.

Kisha soma mikwaruzo yenyewe. Ikiwa mingi na inaelekea upande mmoja, uliruka hatua: kutoka gurudumu la 80 kwenda 600 bila kupitia 220, kwa mfano (namba ikiwa ndogo, chembe za gurudumu ni kubwa). Ikiwa ni mkwaruzo mmoja mrefu, mzito, uliotokea ghafla ukiwa kwenye 3000, basi chembe kubwa imeingia pasipo mahali pake. Ilitoka wapi? Kwenye kucha zako, kwenye maji yaliyozunguka, au kwenye nta iliyoshikilia jiwe kwenye kijiti. Nta hushika chembe za 80 na kuzitunza kwa uaminifu mpaka mwisho. Iswaki pamoja na jiwe, kwa brashi ya meno, kila hatua.

Jiwe likianguka kutoka kwenye kijiti kila mara, lilikuwa baridi ulipolibandika. Lipashe juu ya taa hadi livumilike kwa shida mkononi, kisha nta itashika. Tanzanite usiipashe hivyo; ibandike kwa gundi.

Jiwe la Longido linatoka mabonde

Hapa ndipo wengi huacha kazi hii. Jiwe la kijani lenye yakuti nyekundu ndani, lililoanza kujulikana mwaka 1954 kutoka Longido, njia ya Namanga, linavutia likiwa ghafi na bei ya vipande vidogo si ya kutisha. Unalisaga, na mwisho yakuti zimesimama kama vilima huku kijani kikiwa bondeni na vidoa vyeusi vikiwa mashimo.

Una mawe matatu kwa wakati mmoja. Yakuti ina ugumu wa 9, kijani ambacho ni zoisaiti kiko kati ya 6 na 7, na cheusi kiko karibu na 5 au 6. Kitu chochote laini unachokitumia, iwe gurudumu la mpira lililochakaa, ngozi au kitambaa, kitazama kwenye sehemu laini na kuruka ile ngumu. Kosa huanzia mapema, kwenye 600, pale gurudumu lililoisha makali linapoacha kukata yakuti na kuendelea kula kijani. Tumia magurudumu ya almasi yenye makali, bonyeza kidogo, usikae sana kwenye hatua moja. Kwa mng'ao wa mwisho, paka unga wa almasi juu ya ubao mgumu, si juu ya kitambaa. Seriamu oksaidi, unga wa kung'arishia unaofanya maajabu kwenye akiki, hapa itakupotezea muda, kwani yakuti haitaijali kabisa.

Hata ukifanya yote haya, kidole kitaisikia yakuti kidogo. Mimi nimeshakubaliana nayo.

Tanzanite imepasuka

Imepasuka lini? Ukijibu "nilipokuwa nalehemu", sitakufariji. Niliwahi kutaka kupunguza pete yenye tanzanite bila kulitoa jiwe. Nikalifunga kwa kitambaa kibichi, nikapasha upande wa pili. Nilisikia "tik" ndogo tu. Nilikuwa nimejidanganya kwa hoja inayoonekana ya akili: tanzanite nyingi zilitoka ardhini zikiwa kahawia na zikawa bluu kwa kupikwa kwenye nyuzi 500 hivi, basi itashindwaje na tochi yangu? Kinachosahaulika ni kwamba kwenye tanuri joto hupanda na kushuka taratibu, kwa saa nyingi. Tochi na kitambaa kibichi humpa jiwe moto upande huu na baridi upande ule kwa dakika moja. Jiwe litoke kabla ya moto. Hakuna njia ya kati.

Ikiwa imepasuka wakati wa kubana, au baada ya kuangusha pete sakafuni, sababu ni nyingine: tanzanite ina mkondo mmoja ambao hupasuka wima kama kuni kavu. Tazama mpasuko. Ukiwa bapa na laini kama kioo, ni huo mkondo. Kwa pete ya kuvaa kila siku tengeneza nyumba ya ukanda badala ya makucha, na kwenye pembe za jiwe chonga nafasi kidogo ili ukanda usikandamize ncha. Mashine za kusafishia vito kwa mtetemo na zile za mvuke zisiisogelee. Maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini vinatosha.

Malakiti imepauka

Uliifunga kwenye pete, ukaona doa jeusi, ukairudisha kwenye asidi. Malakiti ya Katanga, feruzi, marijani na lulu hazivumilii asidi, hata ya ndimu ya jikoni. Mng'ao huondoka papo hapo na dawa yake ni kusaga upya. Malakiti isage kwenye maji mengi: vumbi lake lina shaba na ni sumu. Hata mawe yasiyo na sumu, akiki na kwatzi, yana vumbi la silika linalokausha mapafu, ugonjwa ambao wachimbaji wa Mirerani wanaufahamu vizuri mno. Maji yakikauka kwenye mashine, zima mashine. Barakoa ya kitambaa haikulindi na hilo.

Jiwe linacheza ndani ya nyumba yake

Litikise karibu na sikio. Likigonga, ukanda haujalala. Huenda ni mrefu mno na umejikunja vikunjo badala ya kuinama: ukanda unatakiwa kupanda juu ya bega la jiwe kwa milimita moja au pungufu. Au ulibana kwa kuzunguka, upande mmoja hadi mwingine, ukausukuma ukanda wote uliozidi hadi ukakutana nao mwishoni. Bana upande mmoja, kisha ulio mkabala nao, kisha pande mbili zilizobaki, halafu katikati ya kila mbili.

Likizunguka bila kugonga, angalia chini. Mara nyingi kuna tone la lehemu lililobaki kwenye kona ya ndani, na jiwe limekaa juu yake kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Hilo huwezi kulirekebisha kwa kubana zaidi. Ukibana ndipo jiwe linapopasuka. Inua ukanda kwa ncha ya kisu kisicho na makali, toa jiwe, kwangua tone, na chonga ukingo wa chini wa jiwe kidogo kwa gurudumu la 600. Ukingo huo nao ungetakiwa kuchongwa siku ile ulipolisaga.